Siku Niliyolipelekea Ziwa Maji

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu isiyonitoka kichwani, na ujinga wa siku hiyo nausema mwenyewe kabla majirani hawajakusimulia: nilijitwika galoni la maji, nikapanda nalo mlima, nikalipeleka ziwani.

Usicheke kwanza. Ngoja nimalize.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tumeshahamia Kang'ata, huku Handeni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapewa kufundisha kisomo cha watu wazima, na mwanafunzi mtundu kuliko wote alikuwa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Jioni moja namwonyesha herufi ubaoni, akaniuliza, "Mwalimu, hapo umeandika au umepaka moshi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemsogelea, nikaona mboni zake zimeanza kuwa nyeupe kama maji ya mchele.

Bibi hakuzililia herufi. Alilililia ziwa. Tangu usichana wake alikuwa akisikia kwa Washambaa wanaoshuka na mboga Korogwe kwamba juu kule milimani kuna maziwa mawili, moja la chini na jingine juu yake, maji yamelala wazi na hakuna aliyeyachimba. "Nipeleke niyaone," akaniambia. "Macho haya yananiaga."

Sasa mimi ni mtu wa nyumbani, mwanangu. Hata kwenda Segera kununua chumvi, kichwa kilianza kuniuma tangu jana yake. Nikamwambia tungoje mvua zipite. Zikapita, nikasema tungoje tuvune. Tukavuna. Siku alipomwamkia mbuzi akidhani ni mjumbe wa nyumba kumi, nikaishiwa na visingizio.

Tulilala Ngombezi, karibu na Korogwe, kwa mjomba, mkata mkonge. Alfajiri, kabla ya kudandia lori la mashamba ya chai, nikajaza galoni. Mjomba akanitazama. "Si mnakwenda ziwani?" Nikamjibu kwa elimu yangu yote, "Na tukikuta limekauka?"

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu maji tuliyafukua kwenye mchanga wa mto, kishimo kikitoa kata moja unakaa kando kungoja kijae tena. Mtu wa Handeni anaweza kusafiri bila viatu, si bila maji.

Lori likatushusha njiani, tukaanza kupanda. Bibi mbele na fimbo yake, mimi nyuma na galoni langu, nahema kama ng'ombe wa Wamasai kiangazi. Kila baada ya kona kijito kilikatiza njia, maji yanacheka miguuni mwangu. Ungedhani ningelimwaga lile galoni. Kumwaga maji masafi? Mkono ulikataa.

Kisha miti ikaachana, na ziwa likawa mbele yetu.

Nilitua galoni, nikasahau kulia na kushoto. Ubaoni niliwahi kuchora ziwa kwa chaki ya buluu, duara dogo kama chapati. Hili lilikuwa jeusi, limetulia, msitu umelizunguka kimya, na mawingu yalikuwa yakipita chini yake badala ya juu. Niliogopa hata kukohoa.

Bibi alivua kandambili, akasogea ukingoni, akaketi kwenye nyasi na kunyoosha miguu. Kando yake mama mmoja alikuwa anaosha viazi. Baada ya salamu, bibi akamuuliza, "Wa mwisho nani?"

"Wa mwisho wa nini, bibi?"

"Wa kuchota."

Kwetu hiyo ndiyo desturi. Ukifika kisimani huchoti. Unauliza nani wa mwisho, unakaa nyuma yake, unangoja zamu. Yule mama alinitazama mimi, akalitazama galoni, akaelewa tunakotoka. "Bibi," akasema taratibu, "hapa hakuna wa mwisho. Chota."

Bibi akachota kata moja. Kisha, kama tunavyofanya kwetu, akaweka kidole pale maji yalipoishia, akangoja yapande tena. Alingoja sana.

"Halikushuka," akasema. Akachota nyingine, akapapasa tena. "Mjukuu wangu, halikushuka!"

Nimeswali Idi nyingi, mwanangu, lakini sijasikia mtu akisema Subhanallah kama bibi yangu alivyosema pale, machozi yakidondokea majini.

"Na la juu?" akauliza.

Yule mama akaonyesha kijia. "Si mbali. Lile ndilo zuri hasa, kilele chote kinajitazama humo."

Bibi alikuwa ameshasimama. Lakini shingo yangu ilikuwa imekakamaa na magoti yanatetemeka, si kwa mlima, kwa galoni. Nikasema, "Bibi, nimechoka. Tutarudi mwakani."

Hakunigombeza. Alipapasa galoni, akalikuta limejaa pomoni. "Haya, mwalimu," akasema.

Mwakani ilipofika, macho yake yalikuwa yameshapofuka. Jioni alikuwa akiniomba nimweleze la juu likoje. Ningemweleza nini? Sikuliona.

Kwa hiyo nakuambia: mzee wako akikuambia nipeleke, tafuta viatu. Visingizio vya mvua na mavuno mwachie anayesafiri kwa haja yake mwenyewe. Na ukienda mahali Mungu alipomimina, usijitwike kiu ya nyumbani, itakuchosha kabla hujafika. Mola akupe macho ya kuona mengi, magoti ya kukufikisha, na siku macho yakififia, akupe wa kukushika mkono ambaye hachoki upesi kama mimi.

Jana niliwasomea wajukuu maneno haya niliyokuandikia, tumekaa uani. Jirani yangu Mama Zaina alikuwa akichambua kisamvu ng'ambo ya ua, wala hakuinua kichwa. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Basi la Korogwe linapita hapa kila asubuhi, na hilo la juu mpaka leo hujaliona."