Filimbi Yenye Batu ba Ng'ambo Habakuijua

Mujukuu wangu, iko siku moja ya kule Kipese, kwenye nilizaliwa, ambayo haijanitoka, na simu zenu njo zinanirudisha pale. Nilikuwa musichana, ningali kwetu. Ukungu ulishuka muchana, hata nyumba ya jirani haionekani, na mama akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mutoto alikaa vibaya.

Kwetu mugonjwa alibebwa kwa tipoy, kitanda ya miti inayowekwa mabegani, na banaume ba kilima chetu peke yao habakutosha. Ba kilima cha ng'ambo baliitwa na pembe ya ngombe: ikilia, kila mutu anaacha jembe anakuja. Mais kaka yangu Muhindo alikuwa ametoka Beni na filimbi ya chuma. Alisema pembe ni ya bazee, inachosha kifua. Bijana ba kwetu bakakubali, pembe ikabaki jikoni kupata moshi.

Muhindo akapuliza filimbi. Akapuliza tena. Nilishika mukono wa mama, nasikiliza ng'ambo: majembe yanaendelea kulima. Balisikia, Mwanangu. Balifikiri ni batoto banacheza.

Njo baba yetu mukubwa, Muzee Paluku, aliingia jikoni akachukua pembe. Balikuja mbio. Mama alifika kwa dispensaire akiwa muzima. Mutoto hakulia.

Kisha maziko ya mutoto, tulingoja Muzee amutukane Muhindo. Hakupandisha sauti.

"Filimbi yako inasikika mbali kupita pembe," alimwambia. "Mais kule ng'ambo, ulipatana na nani?"

Toka pale, kila siku ya yenga, ile Jumapili, kisha ibada, alimupeleka Muhindo kilima kwa kilima. Balionyesha batu namna ya kuchonga filimbi ya mwanzi yenye sauti ile ile, kusudi kila nyumba isingoje chuma ya Beni. Bengine balibakosoa: sauti ndefu inapotea kwa upepo, afazali fupi-fupi. Bakabadilisha. Musimu muzima pembe na filimbi zililia pamoja. Siku shangazi Katungu, mwenye masikio mazito, alisema mwenyewe "hiyo ni ya tipoy", njo pembe iliachwa.

Sasa wewe, mwenye kusoma informatique, mambo ya kompyuta, hapa Butembo, unataka jamaa yote iache message tunazozoea, iingie kwa programu yako. Ni nzuri, sikatai. Mais muyomba wako wa Beni njo anatuambia kila asubuhi kama barabara inapitika. Juzi alituma kwa programu yako. Simu yangu hapa mutaa wetu wa Vulamba ikasema haiwezi kufungua. Mama yako alikuwa tayari juu ya moto, ile pikipiki, anaenda Beni. Nilikaa na ile simu kwa magoti, sijui imeandikwa "kuja" ao "baki". Alifika salama, Mungu alisaidia. Roho yangu haijatulia mpaka leo.

Donc sikia. Usisukume batu sababu chako ni kizuri. Anza kwa mwenye simu ya zamani kabisa, uliza kama inafunguka. Onyesha bengine namna kimetengenezwa, batengeneze chao chenye kusikilizana na chako, na bakikukosoa, badilisha. Njia ya zamani usiifunge mbele mutu wa mwisho hajavuka. Bakikataa, usinune. Kesho unarudi kubauliza.

Mungu akupe kazi yenye kufaa batu, mujukuu wangu, akupe na uvumilivu wa kungoja benye kukawia. Wenye utaita bakusikie. Na mutu wako akiwa kwa barabara, habari yake ikufikie mbele hajapatwa na mabaya.