Gari Lilipoacha Kugonga

Mlio ulianza Mtaa wa Uhuru, nilipokanyaga mafuta niupite mkokoteni uliojaa majora ya vitenge. Ngu, ngu, ngu, chini kwa mbele, kama mtu aliyefungiwa humo anaomba kutoka. Nikiachia mafuta, kimya. Nikikanyaga, huyo tena. Mimi ni mwoga tangu utoto na sioni haya kulisema; kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nilifika nyumbani usukani umelowa jasho la viganja vyangu.

Gari lile kwa kawaida sikuliendesha mimi. Liliendeshwa na baba yangu, dereva mstaafu wa malori, aliyewapeleka wanangu shule kila asubuhi kupitia Mnazi Mmoja, kisha akarudi kunywa chai. Ndiyo kazi aliyobakiwa nayo tangu mama afariki, na aliivalia shati lililopigwa pasi. Zamani akikaa barazani alikuwa anatutajia gari kabla halijakata kona, na ugonjwa wake juu: hili beringi, lile ekzosi. Kwa hiyo nilimwuliza yeye kwanza.

"Baba, gari linagonga ukikanyaga mafuta. Hujalisikia?"

"Gari zima hilo. Wewe na woga wako."

Nikacheka. Mlio ule hata jirani wa ghorofani aliuulizia. Niliwaza tairi likichomoka katikati ya barabara na wanangu wamekaa nyuma. Kuhusu baba nilijiambia kwamba barabara ina kelele nyingi, nani angeweza kupambanua. Nilitaka sana iwe hivyo.

Kesho yake tukaenda naye mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kwa fundi anayefanyia kazi pembezoni mwa barabara, nyuma ya maduka ya spea.

"Shikamoo, mzee."

Baba alimtazama mdomo kwanza, ndipo akaitikia marahaba.

"Dada, linagonga ukikata kona, au hata ukinyoosha?" fundi akaniuliza.

"Hata nikinyoosha. Ukikanyaga tu."

"Basi tuanze na injini."

Akafungua boneti. Akanikalisha kwenye usukani, akaniambia nikanyage breki kwa nguvu zangu zote, niweke gia, halafu kwa mguu wa pili niguse mafuta kidogo, injini ihangaike na gari lisiende. Baba alikuwa ameshainama juu ya injini kwa ubavuni, anaomba bisibisi ndefu. Ni mtindo wa mafundi wa zamani: ncha unaigusisha kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, na mlio unapanda wenyewe kukueleza unakotoka. Fundi alimpa kwa mikono miwili.

Nilichungulia dirishani. Baba hakuuweka mpini sikioni. Aliung'ata kwa meno.

"Gusa mafuta, dada."

Niligusa. Injini ikaruka, ngu, na gari zima likatikisika. Sijawahi kuogopa mguu wangu mwenyewe kama siku ile. Breki ikiteleza, nitampitia baba yangu mbele ya watu wa Kariakoo.

"Mzee, toa mkono," fundi akasema. "Feni hiyo."

Baba hakutoa. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu na mpini mdomoni, kiganja chake cha kushoto kikitambaa taratibu kuelekea kwenye feni.

"Mzee, mkono!"

Nikaachia mafuta, nikapiga yowe, "Baba!" Wauza spea wakageuka, wapagazi wakageuka, mama wa chapati akageuka na mwiko wake. Baba peke yake hakugeuka. Fundi alimvuta kwa ukosi wa shati.

"Raba ya kushikilia injini imekatika," baba akasema kwa utulivu, akirudisha bisibisi. "Upande wa kulia."

Ilikuwa kweli imekatika. Fundi alinitazama, kisha akainamia vifaa vyake. Nilizima gari.

Raba mpya ilipofungwa, baba alikaa kwenye usukani kama kawaida yake, na mimi sikuwa na moyo wa kumwomba ufunguo mtu aliyenifundisha kuendesha. Nikakaa nyuma, mahali wanapokaa wanangu. Tukaingia Msimbazi. Alikanyaga mafuta na gari likaondoka laini, bila kugonga wala kutikisika. Niliyekuwa nauogopa mlio ule sasa nikatamani urudi, maana ulipokuwepo nilikuwa na kitu kingine cha kuogopa.

Mkokoteni ukajitokeza kulia. "Pisha! Pisha!" Baba akapita bila kupunguza mwendo, na mpagazi akalipiga bati letu kofi. Baba alitazama mbele, ameridhika.

"Baba," nikaita, kwa sauti ninayoitumia mezani.

Akaendelea kuendesha.

"Baba."

Nikamgusa bega. Akashtuka, akaniangalia kwenye kioo cha ndani.

"Limepona?"

"Limepona, baba."

Macho yake yakabaki kwenye mdomo wangu, yakisubiri kama nina neno jingine, na gari likaendelea kwenda katikati ya watu. Nikamwonyesha kwa kidole pembeni. "Simama pale, baba. Tafadhali."

Alisimama. Akaiacha mikono juu ya usukani.

"Mlio ule niliusikia siku ya kwanza," akasema. "Kwa miguu. Nikajua nikikwambia, utataka kujua masikio yangu yako wapi."

Akachomoa ufunguo, akaufuta kwa pindo la shati lake, akaninyooshea kwa juu ya bega bila kugeuka.

"Sasa asubuhi nitaamkia nini?"

Nilimjibu. Nilimjibu maneno mengi, tena mazuri. Lakini alikuwa anatazama dirishani, na uso wangu hakuuona.