Mama mkwe alipojiwekea akiba ya damu yake mwenyewe

Wakuu, salaam. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na nikiongeza neno wajukuu wa mhusika wamo humu, watanisuta.

Miaka ya themanini nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, Marereni. Mtu wa bara, nimeoa Shella, Malindi.

Mama mkwe, Bi Rukia, akapatikana na uvimbe tumboni. Daktari akasema lazima apasuliwe, na damu ya kumwongeza iwe tayari.

Damu ya mtu hataki.

"Daktari, nitajuaje aliyenipa alikuwa na tabia gani?"

Siku hizo habari za ugonjwa mpya wa damu zilikuwa zimeanza kuvuma, kwa hiyo daktari hakumcheka. Akamwambia kuna njia: atolewe damu yake mwenyewe mapema, iwekwe kwenye friji, siku ya oparesheni arudishiwe.

Bi Rukia akafurahi. Kupimwa, HB, yaani kiwango cha damu, iko chini. Hawezi kutolewa hata tone.

Tukapewa vidonge vya kuongeza damu, na amri: maini, mchicha, kunde, machungwa. Chai asinywe na chakula wala na vidonge, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Turudi baada ya wiki tatu, na tusizembee, uvimbe unakua.

Mke wangu Zuhura alikuwa amejifungua juzijuzi, basi nikachukua likizo nikawa mlinzi wa chai. Majani niliyafungia kwenye sanduku langu la nguo. (Mashati yalinukia chai mwezi mzima.)

Wiki tatu zikaisha. HB iko palepale. Daktari akanitazama mimi, si mgonjwa.

Hapo niliingiwa na hofu kweli.

Sasa, jirani yetu Bi Salama alikuwa akija kila baada ya chakula kumjulia hali mgonjwa. Siku hiyo nikampokea mlangoni.

"Shikamoo, Bi Salama."

"Marahaba, mwanangu."

Buibui lake lilikuwa linatoa mvuke.

"Umebeba nini humo?"

"Dawa."

"Ya nini?"

"Ya kiu."

Wakuu, birika zima la chai ya iliki.

Mama mkwe hakukana. "Mwanangu, vile vidonge vina ladha ya msumari. Niviteremshie na nini?"

"Na maji ya machungwa, mama," nikasema. "Zuhura bado ni mzazi. Ukituondokea, mtoto huyu ataogeshwa na nani?"

 Akamwambia Bi Salama arudi kwake na birika lake.

Wiki tatu nyingine, damu ikapanda. Akatolewa mfuko mmoja. Aliyezirai ni mimi niliyemsindikiza. Nilipozinduka nilimkuta ananipepea kwa mkono usio na sindano.

Akaendelea na vidonge, akapasuliwa salama, akarudishiwa damu yake, baada ya kumlazimisha nesi asome jina kwenye mfuko mara mbili.

Siku ya tano nikaenda kumwona. Ameketi kitandani, rangi imerudi usoni, akina mama wa wodi nzima wanamsikiliza akiwafundisha habari za maini na vidonge.

"Mie shida yangu ilikuwa huyu mkwe," anawaambia. "Kila saa ananibembeleza ninywe chai."

Nikaweka machungwa mezani, nikawaamkia.

Nililojifunza: ukiuguza mtu wa kuongezwa damu, chunga anachoteremshia vidonge, halafu chunga na majirani.

Kuna mwingine humu aliyewahi kuuguza mkwe? Mwageni yenu, niko hapa nasoma.