Kiraka Ambacho Hakikufika Mugunga

Mimi ni mtu wa kujisifu kidogo, afadhali niseme mapema. Nilipokuwa naandika programu pale Mabanga, katika chumba nyuma ya ghala la maharagwe, niliamini hakuna mtu Goma nzima anayepanga kazi yake kama mimi. Mwenzangu, mwanamume wa milima ya Masisi niliyemzidi miaka michache, alinitania kwamba sisi watu wa Butembo tunapanga hata viatu vya wageni mlangoni. Aliniita yaya, yaani mkubwa wake. Nilimgombeza kila siku na nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Parokia ilituomba programu ya kuandikisha watu waliokimbia vita, ili wanaotafutana wapatane. Programu hiyo ilikuwa na matawi mawili. Tawi kuu lilikaa kwetu Mabanga. Tawi la pili, lililopunguzwa likawa jepesi, lilikaa kwenye tableti kuukuu za wahudumu wa kambi ya Mugunga. Majina ya Mugunga yalitufikia kila jioni kwa ujumbe wa simu. Lakini kiraka, yaani kipande cha maandishi kinachorekebisha kosa la programu, ni kizito, hakikupita kwenye mtandao ule wa kubahatisha. Kwa hiyo kosa likirekebishwa Mabanga, tulitia kiraka kwenye flashi, tukampa dereva wetu wa pikipiki akakipeleke Mugunga. Kila kiraka tulikiandika kwenye daftari la shule, na pembeni yake kulikuwa na safu ya kuonyesha kwamba kimevuka. Sheria ilikuwa yangu mwenyewe: alama inawekwa mhudumu wa Mugunga akishapiga simu kusema kimeingia.

Na ni mimi niliyeivunja. Dereva wetu hakuwahi kushindwa kufika hata mara moja, nikazoea kuweka alama asubuhi, flashi ikitoka tu mkononi mwangu. Simu za wahudumu nikaziona usumbufu.

Jumatatu moja nilimaliza kiraka nilichokionea fahari kweli. Kosa lilikuwa letu tangu mwanzo: programu ilimtambua mtu kwa namba ya hema. Mtu akihama hema na wengine wakaingia, jina jipya lilifuta la zamani. Kiraka changu kilimpa kila mtu namba yake mwenyewe, na kilirudisha majina yaliyofutwa, kwa kuwa tableti ilikuwa bado imeyahifadhi ndani. Dereva aliondoka na flashi. Nikaweka alama, nikanywa chai.

Wiki hiyohiyo kijiji cha mwenzangu kilikimbia chote. Mama yake alitoweka njiani. Simu yake ilikuwa imenyang'anywa, na namba ya mwanawe hakuijua kwa kichwa. Mwenzangu hakula, hakutania. Kila jioni alisimama nyuma ya kiti changu majina ya Mugunga yakiingia. Siku ya Jumamosi asubuhi aliniuliza:

"Yaya, liste ya Mugunga iko juste? Kosa ya mahema ilishaisha?"

Nilifungua daftari, nikaona alama yangu.

"Iko juste, haina kosa. Kiraka kilishavuka."

"Basi mama hayuko kule. Atakuwa alienda kwa mama mukubwa, kule Kalengera. Ninaenda."

"Enda," nilimwambia. Nilimfungia hata mkate wa njiani.

Siku ya kumi na moja baada ya safari yake, mama anayeuza makaa mlangoni petu alifungua kifundo cha kitenge chake akitafuta chenji, flashi ikadondoka. Alishika mdomo. "Ee Mungu, nilisahabu! Ni ya motard wenu, ule wa pikipiki. Siku ile risasi zililia kule mbele, akarudia njiani, pale Ndosho, akaniachia hii nikupe." Dereva mwenyewe alikuwa amehamisha familia yake siku hiyohiyo, na kwa kuwa sikuwa na kiraka kingine, sikumtafuta.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikaenda Mugunga, nikaingiza kiraka kwa mkono wangu. Majina yaliyofutwa yakaanza kupanda kwenye kioo. La mama yake lilikuwemo. Aliandikishwa Alhamisi, siku mbili kabla mwanawe hajaondoka. Hema lake lilikuwa limepasuka, jirani akamchukua kwake mchana uleule, familia nyingine ikaingia na jina lake likafutika kabla ya jioni.

Nilikimbia hadi kwa huyo jirani. Alinitazama viatu, akanitazama uso. Alisema mama aliharisha siku tatu, na walimzika Jumanne. Ilikuwa Jumatano.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo linaniuma kuliko yote. Nilimpigia mwenzangu, na nilipoisikia sauti yake nilishikwa na woga. Nilimwambia jina la mama yake limepatikana Mugunga, arudi. Sikusema zaidi. Nilimsikia akipiga kelele ya furaha na kumwita mama yake mkubwa aje asikie.

Alifika Mabanga kesho yake, vumbi hadi kwenye nyusi, na mfuko wa viazi vitamu begani. "Mama mukubwa amemutumia," alisema. "Yuko wapi? Twende."

Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama. Kifo, kiraka, alama niliyoiweka kabla ya wakati. Nilitaka anitukane, ningepumua kidogo. Aliutua mfuko chini polepole, kama una mayai ndani. Akakaa juu ya sakafu.

"Unatiaka alama mbele kitu kifike, yaya?"

"Ndiyo."

Kisha akauliza kama mama yake aliandikisha kitu kingine zaidi ya jina. Kulikuwa na sehemu ya mwisho ya fomu, ya mtu unayemtafuta na ujumbe wa kumfikishia. Nilikuwa nimeisoma kule Mugunga, na njia nzima nilijiuliza kama nimfiche. Nilikuwa nimeshamficha vya kutosha. Nikawasha kompyuta, nikamsomea maneno ambayo mhudumu aliyaandika yakitoka kinywani mwa mama:

"Mutoto wangu anakaa Mabanga, anatumika kazi ya mashini. Mumwambie asitoke kunitafuta, barabara ni mbaya. Angojee tu kwake. Nimeshafika."

"Unisomee tena."

Nilimsomea tena. Hakulia bado. Alikuwa anatazama mlango.

"Ndiyo kusema nilipaswa kumungojea tu," alisema.