Kitufe cha Kushushia Ziwa

Katika programu ninayotumia kuchora ramani za michezo ya video, ziwa zima lina kitufe kimoja tu: ukikivuta chini, maji yanashuka. Nilichora mtaa wetu wa Kalemie, ule ambao Ziwa Tanganyika lilipanda likaumeza, nikayashusha maji mpaka kizingiti cha nyumba yetu kikatokea kikavu. Nilijivuna, sikatai. Nikamwita Mama.

Aliangalia kompyuta, hakusifu chochote. “Teremusha tena kidogo,” akasema. “Nyumba ya mama yangu ilikuwa kule mbele. Ziwa liliibeba nikiwa mutoto.”

Nikavuta mpaka mwisho. Maji yakaisha. Chini hapakuwa na mchanga wala nyumba, giza tupu, maana sikuwa nimechora kitu.

Nikakasirika. “Mbona hukuwahi kuniambia?”

“Haukuniuliza,” akasema Mama, akavuta kiti.