Nyumba Iliyokosa Baraza

Nianze na ukweli ambao hata wanaonichukia wanaukubali: mimi nimejitengeneza mwenyewe. Shule niliishia darasa la tano, nikaenda mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, kuwabeba kichwani, na leo nina karakana ya mageti na madirisha Igoma, na mafundi wenye vyeti wananiita bosi. Kwa hiyo siku binti yangu aliposema amepata mchumba, mtoto wa watu wa Sengerema, jambo la kwanza nililofikiria halikuwa mchumba. Lilikuwa nyumba.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, imelitazama ziwa. Niliijenga nikiwa kijana, kwa mtindo uliokuwa unatamba wakati ule: ukuta wa plasta ya rafu, ile ya kukwaruza, wa kijani, matofali ya matundu juu ya madirisha, nondo zilizopindwa kama jua linalochomoza, na mbele baraza refu la nguzo nne. Enzi zile watu walisimama njiani kuitazama. Siku hizi walikuwa wanapita tu. Na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu asiyejua kunyamaza, aliwahi kusema mbele za watu kwamba inafanana na zahanati ya zamani.

Hiyo zahanati ilinikaa moyoni.

Kwetu ng'ombe wa mahari ya binti wanatajwa kwenye kaya ya baba yake. Hawatajwi hotelini wala kwa jirani. Wazee wa kijana wanakuja, mnawalisha, mazungumzo yanaanzia hapo na kuishia hapo, na baba mzaa binti ananyamaza muda wote, anasemewa. Msemaji wetu angekuwa huyo huyo shemeji. Nikajiapiza kwamba siku hiyo nyumba ndiyo itakayonisemea mimi.

Nikamwonyesha fundi picha kwenye simu. Nyumba ya kisasa, ukuta umepanda ukaficha bati, mbele kumenyooka kama mlango wa friji.

"Bosi, hii haina baraza."

"Ndiyo uzuri wake."

"Na nyumba yako inatazama magharibi. Jua la mchana je?"

"Wewe ulisomea jua au kujenga?"

Akacheka, akachukua nyundo. Fundi akishaona mwenye nyumba ni mjuaji, anafanya kazi haraka sana.

Baraza liliondoka kwa siku mbili. Mke wangu alikuja kuokota beseni lake la kuchambulia dagaa kwenye kifusi. "Sasa wageni watakaa wapi?"

"Sebuleni, kama watu."

Sebuleni nako niliweka vioo vikubwa vya bluu, kutoka sakafuni mpaka juu, visivyofunguka. Madirisha ya kufunguka niliyaita ya kizamani. Mimi, ninayeishi kwa kuuza madirisha.

Kisha mawe. Ukuta wa mbele nilitaka ubandikwe mawe membamba, yakaja kwenye maboksi. Mke wangu akafungua boksi moja, akachungulia ndani.

"Baba watoto, umenunua mawe? Hapa Mwanza?"

"Haya ni ya kubandika."

"Na yale?" Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, kwenye jiwe lenye ukubwa wa nyumba mbili, pimbi wameketi juu yake wanatutazama.

"Yale ni ya Mungu."

Kazi ilipokwisha nikavuka njia kwenda kutafuta sifa kwa jirani, mzee aliyekuwa mvuvi, ambaye nyumba yake ya bati lenye kutu imezungukwa na baraza pande zote.

"Shikamoo mzee. Unaionaje?"

"Marahaba. Inang'aa kweli."

"Na wewe bomoa hili baraza, nitakuletea fundi wangu."

"Nikilibomoa, nitakaa wapi nikiitazama yako?"

Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilidhani kanisifu.

Siku ya wageni ikafika. Niliamka mapema nikakagua: mbele ya nyumba kivuli tele, upepo wa ziwa unapuliza. Asubuhi jua lilikuwa nyuma ya nyumba, lakini hilo sikulipa uzito. Wageni walitakiwa kufika saa nne. Wakakwama kwenye foleni ya kivuko kule Kamanga, wakafika saa nane, na jua nalo limefika mbele.

Tukawaingiza sebuleni. Vile vioo vilikuwa vimefanya kazi tangu saa sita. Feni ilizungusha joto lile lile. Kiongozi wa wageni, mzee mnene aliyevaa koti zito, alivumilia soda moja, halafu akauliza kwa adabu, "Mkwe, hivi hewa hapa inaingilia wapi?"

Tukatoa viti nje. Mgeni mmoja akaegemea ukuta wangu wa mawe, akaruka. "Jamani, huu umetoka kwenye moto?"

Sijui nani alitangulia. Nadhani ni yule aliyekwenda kwa jirani kuomba maji ya kunywa. Akafuatwa na wawili, kisha watatu, kisha shemeji akabeba kiti chake kabisa. Ndani ya robo saa ukoo mzima wa Sengerema ulikuwa umekaa kwenye baraza la jirani, na wapishi wetu wanavusha masufuria ya pilau barabarani. Shemeji akaniita kwa sauti ya darasani:

"Shemeji, njoo huku! Ukikaa hapa ndiyo unaiona nyumba yako vizuri!"

Walicheka hata wakwe.

Kabla kicheko hakijaisha, yule mzee wa koti akasimama, akakohoa, akamgeukia jirani yangu. "Kwanza tunamshukuru mwenye kaya kwa kutupokea..."

Mke wangu akanishika mkono. "Wanaanza. Ng'ombe wakitajwa pale, imekwisha." Nyuma yake binti yetu alikuwa amesimama na vitenge vyake vipya, machozi yanamlenga.

"Baba, kwani mimi naolewa kutoka nyumba gani?"

Kupiga kelele nisingeweza, maana siku hiyo mdomo wangu ni wa kufunga. Nikakimbilia gari langu, nikatoa ngazi, drili, boliti na turubai la bluu la kufunikia mageti. Nikapanda na suti yangu, mke wangu akashika ngazi, nikaanza kutoboa ukuta. Jiwe la kwanza likapasuka. La pili likabanduka zima, likapita karibu na sikio la mke wangu.

"Toboa tu," akasema.

Kelele za drili zikamkatisha mzee wa koti. Shemeji akasimama. "Jamani subirini, baba wa binti anaongea!"

Nikatoboa tundu la tatu, la nne, mawe yanashuka kama maganda ya karanga. Kamba za juu za turubai nikazifunga kwenye boliti nilizochomeka humo, ya chini upande mmoja nikaifunga kwenye gari. Upande wa pili haukuwa na pa kufungia, maana nguzo nilizibomoa mwenyewe. Nikaishika kwa mkono.

Aliyenyanyua kiti wa kwanza ni jirani. "Wageni, mwenye kaya ameweka baraza. Tuvuke."

Wakavuka, kila mtu na kiti chake na sahani yake. Chini ya turubai nyuso zote ziligeuka za bluu. Mzee wa koti akakohoa upya, akanitazama mimi, vumbi la mawe limenijaa mabegani. "Kwanza tunamshukuru mwenye kaya kwa kutupokea."

Nikaitikia kwa kichwa. Binti akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa, akasema anawafahamu. Shemeji akasimama kunisemea, akasema vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kulivuta turubai, na mimi sikukaa. Nilisimama kwenye kona nimeshika kamba kwa mikono miwili, kimya, mpaka ng'ombe wa mwisho akatajwa.