Kompyuta za Akello, Zizi la Waitara

Si zamani sana, duka la Felista Akello hapa Tarime mjini halikuwa na kompyuta hata moja, na kila mtu alinunua kompyuta kwake. Ulisema unachotaka, naye akampigia simu binamu yake Obura kule Nairobi. Obura alinunua vipuri ulivyotaka, si zaidi, akavipakia kwenye basi, vikalipiwa ushuru mpakani Sirari. Vikifika, ulikaa kwenye benchi, ukapewa chai, ukamtazama Akello akiunda mashine yako. Mimi ni fundi cherehani, mlango wa pili. Nilikunywa chai nyingi pale bila kununua kitu, na raha ile naikumbuka mpaka moyo unaniuma.

Aliyekosa raha ni mumewe, Waitara, Mkurya wa Matongo aliyekulia zizini. Wenzake walimtania kwamba mkewe anauza hewa.

"Mama Nashoni, duka gani halina kitu ndani?" aliniuliza.

Nilimwambia aachane na maneno ya watu. Wapi! Aliuza ng'ombe, akaenda Dar es Salaam, akarudi na kompyuta mpakato, akazipanga mpaka karibu na dari. Obura akaambiwa apumzike kwanza.

Akello hakutaka kumwaibisha mumewe. Tulipobaki wawili ndipo akaniambia, "Ng'ombe akikaa zizini anazaa. Hizi zikikaa zinazeeka tu."

Zikazeeka kweli. Zilitoka nyingine zenye kasi zaidi, tena kwa bei ndogo, na wateja wakawa wanaingia, wanatazama, wanauliza kama hakuna mpya kuliko hizi. Walimu wa shule za Morotonga, wateja wake wa miaka yote, wakaanza kuagiza kwingine. Waitara alizifuta vumbi kila asubuhi. Nilimkasirikia, kisha nikamhurumia.

Mwishowe alimeza aibu, akampigia Obura mwenyewe ili waanze upya.

"Pole shemeji," Obura alimjibu, "nimeshaandikwa kazi Mombasa. Mngenitafuta mapema."

Mtu mwingine wa kumwamini Nairobi hawakuwa naye, na fedha zote zilikuwa zimelala kwenye zile mashine. Mwezi uliopita wakafunga duka. Niliwasaidia kutoa mizigo. Waitara alisimama mlangoni amekumbatia boksi, hatoki wala haingii.

"Nilitaka watu wakuheshimu," alimwambia mkewe.

"Walikuwa wananiheshimu, Baba Elieth," Akello alimjibu polepole, akampokea lile boksi.